Kichwa Kimoja, Mama Wawili

Tarehe 9 Julai 2006, Jumapili, saa tatu usiku kwa saa zetu. Sebuleni kwetu palikuwa pamejaa hadi watoto wamekaa sakafuni. Baba mdogo alikuwa ameshakunywa chai vikombe vitatu kwa presha. Mimi nilikuwa kidato cha nne na, kama wasichana wengi wa shule yetu, nilikuwa upande wa Zidane bila hata kujiuliza kwa nini.

Fainali ya Kombe la Dunia, Berlin, Italia na Ufaransa, moja kwa moja, muda wa nyongeza. Mara tunaona beki mrefu wa Italia yuko chini. Marudio yakaonyeshwa: Zidane anatembea, anageuka, anamrudia yule jamaa na kumtandika kichwa cha kifua. Nyumba nzima ikapiga kelele. Mama yangu, ambaye mpira haumhusu kabisa, alitoka jikoni na mwiko mkononi, akatazama marudio yale mara moja tu, akasema: "Huyo katukaniwa mama yake." Akarudi jikoni kwake.

Basi kwa miaka mingi huo ndio ukawa ujuzi wangu wote kuhusu Marco Materazzi. Mtu mbaya aliyemtukania mwenzake mama, akaondoka na kombe. Na ukiniuliza, nilikuwa nimetosheka.

Kilichonirudisha kwake ni kazi. Wewe msomaji wetu wa siku zote unajua kuwa barua nyingi zinazofika kwenye meza yangu zinahusu ugomvi wa wapenzi, na katika nyingi ya hizo kuna mstari unaofanana: "tulikuwa tunabishana kawaida tu, mpaka alipomtaja mama yangu." Mwezi uliopita nikataka kuandika kitu juu ya hilo, nikamkumbuka mama na mwiko wake, nikasema ngoja nimchimbe huyu Mtaliano. Nikachimba siku tatu. Ile mada niliyokusudia nikaiweka pembeni.

Materazzi alizaliwa Lecce, kusini mwa Italia, tarehe 19 Agosti 1973. Kwa nini Lecce? Kwa sababu baba yake, Giuseppe, alikuwa akichezea timu ya huko. Baadaye mzee akawa kocha, na kama unamjua mtoto yeyote wa mwajiriwa wa kuhamishwahamishwa basi maisha hayo unayajua: leo mji huu, kesho ule, rafiki ukimpata tu mnaagana. Marco alipokuwa na miaka 15 mama yake akafariki. Baba yake katika miaka hiyo alikuwa kocha wa Lazio, klabu kubwa ya Roma. Hebu mfikirie kijana wa umri ule, nyumba haina mama, na baba anaonekana kwenye televisheni kila wikiendi.

Ungedhani mtoto wa kocha wa Ligi Kuu atapewa njia ya mkato. Wapi! Alipokuwa na miaka 20 alikuwa Marsala, Sicily, kwenye ligi za chini. Msimu uliofuata akawa Trapani, huko huko Sicily, timu iliyokaribia kupanda daraja ikakwama. Perugia wakamchukua mwaka 1995, kisha wakamtoa kwa mkopo kwenda Carpi, akarudi. Wachezaji wengi wa rika lake walioitwa nyota walikuwa wameshaanza kuchoka wakati yeye bado anabeba begi kutoka mji mmoja kwenda mwingine.

Mwaka 1998 akavuka kwenda Uingereza, Everton, mji wa Liverpool. Alidumu msimu mmoja. Kadi nyekundu zilimwandama, kwa sababu rafu zake zilikuwa za nguvu na ulimi wake haukukaa kimya. Mwaka 1999 akarudi Perugia, na hapo ndipo mambo yakamfungukia. Msimu wa 2000/2001 alifunga mabao 12 kwenye Ligi Kuu ya Italia. Beki, jamani! Kwa penalti, kwa mipira ya adhabu, kwa vichwa. Akavunja rekodi ya Daniel Passarella wa Argentina, ambaye aliwahi kufunga 11 katika msimu mmoja akiwa beki. Timu ya taifa ikamwita kwa mara ya kwanza Aprili 2001, akiwa na miaka 27. Inter Milan nao wakaja na pochi yao.

Inter ile ilikuwa kama bwana harusi ambaye kila akifika kwa mkwe siku ya mahari anakuta mwenzake ameshatangulia. Tarehe 5 Mei 2002 walihitaji kuifunga Lazio tu, siku ya mwisho ya ligi, ili wawe mabingwa. Wakaongoza mara mbili, wakafungwa 4-2. Juventus wakachukua taji. Ronaldo, yule wa Brazil, alilia kwenye benchi mbele ya dunia nzima. Materazzi kwa upande wake alionekana akiwalalamikia wachezaji wa Lazio akiwakumbusha deni: miaka miwili nyuma, Mei 2000, ni Perugia yake iliyoifunga Juventus 1-0 chini ya mvua kubwa na kuipa Lazio hiyo hiyo ubingwa. Kwamba na nyie leo mngetukumbuka. Nilicheka niliposoma, halafu nikaona aibu kucheka, maana nani kati yetu hajawahi kumkumbusha mtu wema aliomtendea, tena mahali pasipofaa?

Nisimsafishe sana. Februari 2004, baada ya mechi na Siena ambayo hata hakucheza, alimpiga ngumi Bruno Cirillo kwenye njia ya kuingilia vyumbani. Mdomo wa mwenzake ukachanika, yeye akafungiwa miezi miwili. Hiyo siyo hasira ya mpira, hiyo ni hasira ya mtu ambaye ana lake moyoni.

Lakini ndiye huyo huyo wa picha ile ya Aprili 2005, nadhani umewahi kuiona hata kama soka si lako. Inter na AC Milan, Ligi ya Mabingwa, mashabiki wanarusha mafataki uwanjani mpaka mechi inasimamishwa. Moshi mwekundu umetanda kila mahali. Materazzi amesimama, kiwiko amekiegemeza kwenye bega la Rui Costa wa timu pinzani, wote wawili wanautazama ule moto kama majirani wawili wanaoangalia mvua barazani.

Sasa turudi Ujerumani 2006. Alikwenda kule kama mchezaji wa akiba. Alessandro Nesta akaumia kwenye mechi na Jamhuri ya Czech, Materazzi akaingia, akafunga kwa kichwa. Mechi iliyofuata, na Australia, akala kadi nyekundu. Ndivyo alivyo. Akarudi nusu fainali, na fainali akaianza vibaya: dakika ya saba tu refa akatoa penalti kwa kosa lake. Zidane akaudokoa mpira taratibu, ukagonga mtambaa panya kwa chini, ukadondoka ndani ya goli. Dakika ya 19 Pirlo akachonga kona, Materazzi akaruka juu ya Vieira, kichwa, bao. Akanyoosha kidole juu mbinguni. Katika maisha yake yote aliichezea Italia mechi 41 na kufunga mabao mawili, na yote mawili ni ya kombe lile.

Kisha dakika ya 110. Materazzi alimshika Zidane jezi. Zidane akamwambia kama anaitaka sana jezi hiyo atampa mechi ikiisha. Materazzi, kwa maelezo yake mwenyewe aliyoyatoa baadaye, akajibu kwa tusi lililomtaja dada yake Zidane. Neno lenyewe alikuja kuliweka wazi mwaka 2007, na sitaliandika hapa, gazeti hili linasomwa na wakwe. Zidane, siku tatu tu baada ya fainali, alikuwa amesema kwenye televisheni ya Ufaransa kwamba mama yake pia alitajwa. Materazzi akakana katakata. Alisema mama kwake ni kitu kitakatifu. Wa kwake alimpoteza akiwa na miaka 15.

Miaka minne baadaye, mwaka 2010, Zidane aliulizwa kama atamwomba radhi. Akasema ni heri afe. Na katika mazungumzo hayo hayo akasema jambo ambalo watu hawakulijua: siku ile ya fainali mama yake alikuwa mgonjwa, amelazwa hospitali.

Hapo nilisimamisha kompyuta nikaenda kunywa maji. Kwa hiyo uwanjani pale, mbele ya macho ya dunia, walisimama wanaume wawili, mmoja mama yake yuko kitandani na mwingine mama yake yuko kaburini. Kila mmoja akamgusa mwenzake penye kidonda bila kujua. Kwamba mama alitajwa au hakutajwa, mimi siwezi tena kuapa kama nilivyoapa sebuleni. Lakini dada alitajwa, na hilo lilitosha.

Yaliyofuata unayajua. Kadi nyekundu, Zidane anapita pembeni ya kombe akiangalia chini, ndiyo mechi yake ya mwisho. Materazzi akapiga penalti yake akafunga, Trezeguet akagonga mtambaa panya, Grosso akamaliza kazi, Italia 5-3. FIFA wakampiga Materazzi faini ya faranga za Uswisi 5,000 na kumfungia mechi mbili. Magazeti ya Uingereza yaliyodai kuwa alitoa tusi la ubaguzi wa rangi yalikuja kumwomba radhi. Yeye akatoa kitabu cha utani chenye majibu mengi ya uongo kuhusu alichosema, mapato yakaenda kwenye misaada. Msanii mzaliwa wa Algeria, Adel Abdessemed, akawachonga wote wawili kwa shaba, sanamu ya urefu wa mita tano. Iliwekwa Doha ufukweni mwaka 2013, watu wakalalamika, ikaondolewa ndani ya wiki chache, ikarudishwa kwenye jumba la makumbusho mwaka 2022. Yaani mtu unashinda Kombe la Dunia, halafu unachongewa sanamu ukiwa unaanguka!

Inter, baada ya kusubiri kote kule, alipata nayo mataji matano ya ligi. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Mei 2010, Madrid, aliingia dakika za majeruhi, akiwa na miaka 36, ili tu awemo. Nje ya uwanja usiku ule José Mourinho, aliyekuwa anaondoka, alishuka kwenye gari akamkumbatia, na wote wawili wakalia kama watoto. Baada ya hapo kulikuwa na India: akawa kocha mchezaji wa Chennaiyin mwaka 2014, akawapa ubingwa mwaka 2015.

Na Zidane? Materazzi alisimulia kuwa mwishoni mwa 2010 walikutana Milan kwenye maegesho ya magari ya hoteli, wakapeana mikono. Hapakuwa na kamera.

Jumamosi iliyopita nilikwenda nyumbani nikamkuta mama barazani na ungo, anachambua mchele. Nikamweleza yote, kuanzia Lecce. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Huyo aliyefiwa na mama yake, alibaki na nani?"

"Na baba yake. Alikuwa kocha."

"Kocha," alirudia mama, akatupa kijiwe, akaendelea kupeta.