Wazazi, Msiidharau Kazi ya Ghala

Ukifika Nachingwea waulize wazee habari za Mpango wa Karanga. Watakusimulia waliyoyasikia kwa baba zao. Mwaka 1947 Waingereza walianza kufyeka mapori ya Tanganyika ili kulima karanga, huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Fedha zilikuwapo, matrekta yalikuwapo, na mabwana wakubwa walikuwapo tele. Lakini matrekta mengi yalikuwa makuukuu, na vipuri vilikuwa haba. Bandari ya Dar es Salaam ikajaa mizigo mpaka ikalemewa. Kutoka Nachingwea kwenda pwani ilitakiwa reli na bandari mpya. Nayo bandari ya Mtwara ilikuwa tayari mwaka 1954, hali mpango wenyewe ulikwisha kuachwa tangu 1951! Pauni kiasi cha milioni 36 zilipotea. Reli ile nayo ikafungwa mwaka 1962.

Ni kweli kwamba mvua ilikuwa kidogo na udongo wa Kongwa ulikuwa mgumu. Hata hivyo, sehemu ya hasara ile ilitokana na jambo moja: vitu havikufika mahali pake kwa wakati wake.

Basi kuna kazi ambayo ni hiyo hasa: kuhakikisha kitu kinachotakiwa kipo, kwa kiasi chake, kwa siku yake, bila kuharibika. Vyuoni huitwa ununuzi na ugavi, au uendeshaji wa shughuli. Binti amalizapo kidato cha nne akasema anataka kuisomea, baba huguna: “Niuze korosho zangu ili ukawe mlinzi wa magunia?”

Haya, baba, tuzifuate korosho zako hizo. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho za kusini zimeuzwa kwa stakabadhi ghalani. Unapeleka mzigo kwenye chama cha msingi. Unapimwa, unatiwa daraja, unaandikiwa hati. Kutoka hapo unakwenda ghala kuu, na chama kikuu chenu RUNALI, ambacho jina lake ni Ruangwa, Nachingwea na Liwale, husimamia mnada. Fedha huja baadaye. Ufuta nao hupita njia hiyo.

Sasa hesabu mahali pa kuharibikia. Magunia yakichelewa, korosho hukaa nyumbani na mvua inakaribia. Zikipokelewa zenye unyevu, huota ukungu na kushusha daraja la mzigo mzima, pamoja na zako ulizozianika vizuri. Magunia yakipangwa chini sakafuni yakagusa ukuta, badala ya kuwekwa juu ya vichanja vya mbao, yale ya chini huoza. Mzigo uliotangulia kuingia usipotangulia kutoka, huzeeka ndani. Na jina likikosewa daftarini, mwenye mali husubiri malipo huku wenzake wakinunua mabati. Katika msimu wa 2018/2019, Serikali iliponunua korosho na wanajeshi wakazisomba, wako wakulima waliosubiri malipo kwa miezi wakati wa uhakiki. Daftari si mchezo.

Je, hiyo ni kazi ya mlinzi wa magunia?

Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1965, na sasa kina matawi Dodoma, Mwanza na Mbeya. Chuo cha Ushirika Moshi kilianza 1963, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2014. Kwa watoto wa wanaushirika, mimi ningekitazama hicho kwanza. Kanisa nalo halikulala: chuo cha Nyegezi kilichoanzishwa mwaka 1960 na Askofu Blomjous wa Mwanza ndicho kilichokua kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, nacho kina chuo kishiriki cha Stella Maris huko Mtwara.

Mwenye kidato cha nne huanza na astashahada, mwaka mmoja, naye hutakiwa kuwa amefaulu masomo manne. Somo la dini halihesabiwi. (Msikasirike, katekisimu ina mtihani wake mwingine.) Kisha stashahada miaka miwili, na mwenye nguvu huendelea na shahada. Zaidi ya hayo iko Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2007, yenye mitihani yake na usajili wake. Mzazi ajue mapema, maana ada si ya chuo peke yake.

Wala cheti hakimpi mtu kazi siku ile ile. Tena kazi hii ina majaribu. Mtu mmoja mwenye mizani na kalamu aweza kuiba kilo moja kwa kila mkulima, na asionekane. Mtoto asiyeshika amri ya saba, usimpeleke huko. Mtafutie kazi nyingine.

Kabla ya kulipa chochote, fanya hivi. Msimu wa ufuta ukifunguliwa, mwombe katibu wa chama amruhusu binti asimame karibu na mizani kwa siku tatu, awe na daftari lake. Jioni, mkiisha kula, mwulize magunia mangapi yameingia, mangapi yametoka, na mangapi yamebaki. Kisha nenda ukalinganishe na daftari la karani.