Dinari ya Kaisari na Fedha ya Mtambwe

Dinari ya Marko 12 yaelekea kuwa ile ya Tiberio Kaisari: sarafu ya fedha yenye sura yake, na maandishi yamwitayo mwana wa Augusto aliyefanywa mungu. Upande wa pili aitwa kuhani mkuu. Kwa hiyo swali la Bwana juu ya sanamu na anwani lilichoma. Nasi twalihubiri kana kwamba ni habari ya kodi tu!

Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilipatikana sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, zilizofukiwa yapata karne ya 11. Hazina sura ya mtu. Upande mmoja lipo jina la mtawala, mathalani Ali bin al-Hasan. Upande wa pili, kwa maneno yenye kina kimoja na jina hilo, mtawala huyo akiri kwamba amtumaini Mungu. Anwani ipo, sanamu haipo.