Kidonge cha Kiungulia na Chuma cha Mchicha

Asidi ya tumboni imepata jina baya. Ndiyo inayolaumiwa kwa kiungulia, ndiyo inayolaumiwa usiku pilau linapogoma kushuka, na katika maduka ya dawa, kuanzia Kariakoo hadi Kisauni, vidonge vya kuituliza hutoka kama peremende. Wateja wengi huitaja omeprazo kwa jina, hulipa, huondoka, na hurudi zikiisha. Muuzaji huuliza, "Ngapi?" Ni nadra kuuliza, "Tangu lini?"

Swali hilo la pili ndilo zito. Omeprazo ni dawa iliyotoka Sweden mwaka 1988, na kwa miaka mingi ilihitaji cheti cha daktari. Marekani iliporuhusu iuzwe bila cheti mwaka 2003, kibali kilikuja na sharti lililoandikwa kwenye boksi: kidonge kimoja kwa siku, siku 14 basi, na dozi isirudiwe kabla ya miezi minne kupita bila ushauri wa daktari. Anayeimeza kila asubuhi tangu Ramadhani ya mwaka jana, bila daktari kujua, yuko mbali na sharti hilo.

Asidi hiyo inayochukiwa ina kazi zake. Huua vijidudu vinavyoingia na chakula, huyeyusha madini, na husaidia kuinasua vitamini B12 kutoka kwenye protini ya nyama, samaki na mayai. Omeprazo huzima pampu ndogondogo za kwenye ukuta wa tumbo zinazomwaga asidi. Kiungulia hutulia, lakini na kazi hizo nazo hupungua.

Chuma ndicho mfano ulio karibu zaidi na sufuria zetu. Kile cha kwenye nyama na maini hufyonzwa kwa njia yake na hakitegemei sana asidi. Kile cha mchicha, maharage na kunde ni kigumu kufyonzwa, na bila asidi ya kutosha huwa kigumu zaidi. Kwa hiyo anayekula nyama mara mojamoja ndiye anayeihitaji asidi yake zaidi ya wengine.

Mjamzito yuko pabaya zaidi. Kliniki humpa vidonge vya kuongeza damu, yaani chuma na foliki asidi. Mimba humletea kiungulia, naye hutafuna vidonge vyeupe vya magnesiamu. Vidonge hivyo havizimi pampu, ila hupunguza makali ya asidi iliyokwishamwagwa. Vikikutana tumboni na chuma, sehemu ya chuma hupita bila kufyonzwa. Hakuna haja ya kuacha kimojawapo. Kuvitenganisha kwa saa mbili au zaidi kunasaidia sana, na hilo lingeweza kusemwa dirishani kwa sentensi moja.

Upungufu wa B12 huja kimyakimya. Ini huweka akiba ya vitamini hii inayoweza kutosha miaka kadhaa, kwa hiyo dalili zikianza (uchovu, ulimi kuuma, ganzi ya miguu, kusahausahau) hakuna anayekumbuka kidonge. Mwaka 2013, watafiti wa Kaiser Permanente huko California walilinganisha watu 25,956 wenye upungufu wa B12 na wengine 184,199 wasio nao. Kwa waliopewa dawa za kundi la omeprazo kwa miaka miwili au zaidi, uwezekano wa kupungukiwa ulikuwa juu kwa asilimia 65. Ulinganisho wa namna hiyo hauthibitishi peke yake kwamba dawa ndiyo chanzo, na wengi wanaozitumia hawapungukiwi. Lakini mgonjwa wa kisukari anayetumia metformini, dawa ambayo nayo hushusha B12, kisha akaongeza omeprazo, ana sababu ya kuomba apimwe. Ganzi yake kila mtu atasema ni sukari, na huenda si sukari pekee.

Kuna pia magnesiamu ya damuni. Machi 2011, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya kwamba dawa za kundi hili zikitumika muda mrefu, mara nyingi zaidi ya mwaka, zinaweza kuishusha hadi misuli ikakaza na mapigo ya moyo yakavurugika. Katika takriban robo ya visa vilivyochunguzwa, kumwongezea mgonjwa magnesiamu hakukutosha. Ilibidi dawa yenyewe iachwe.

Dawa za maumivu zina njia nyingine ya kuupunguzia mwili madini. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zikizoeleka huweza kuchubua tumbo likavuja damu kidogokidogo, na kila tone huondoka na chuma chake. Sanamaki nayo, dawa ya kuharisha, kwa kuwa ni majani, huhesabiwa haina madhara. Anayeinywa kila siku ili apungue mwili huharisha maji pamoja na potasiamu, madini ambayo moyo huyahitaji ili upige sawasawa.

Mbona basi watu hawaachi omeprazo? Utafiti wa Denmark wa mwaka 2009 unatoa jibu moja. Watu 120 wazima, wasio na kiungulia, waligawanywa makundi mawili: moja lilipewa dawa ya jamii hii kwa wiki nane, jingine kidonge kisicho na dawa. Baada ya kusimamishwa, asilimia 44 ya waliotumia dawa walipata dalili za asidi, dhidi ya asilimia 15 ya wenzao. Tumbo lililozimwa hurudi na asidi nyingi kuliko mwanzo, na mtu hudhani ugonjwa umerudi. Ndiyo maana madaktari wengi humpunguzia mgonjwa dozi polepole.

Wapo wasiopaswa kuacha kwa uamuzi wao: aliyewahi kutokwa damu tumboni, au anayekingwa dhidi ya makali ya aspirini ya kila siku. Na wapo ambao kiini chao ni bakteria Helicobacter pylori, ambaye hupimwa kwa choo au pumzi. Huyo huondolewa kwa antibiotiki zikiandamana na omeprazo, kwa wiki mbili hivi. Omeprazo peke yake, hata imezwe mwaka mzima, haimwondoi.