Bega Likiteguka, Usilivute

Muhula uliopita mlinda mlango wetu aliruka kuudaka mpira, akaangukia mkono aliounyosha. Alipoinuka, bega lake halikuwa na mviringo wake wa kawaida, wala hakuweza kuurudisha mkono mbavuni. Wachezaji wawili wakamshika ili wauvute. Mwalimu akawazuia. Sababu yake ndiyo nitakayowaeleza.

Hakuna kiungo kigeukacho pande nyingi kama bega. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kama mpira, nacho kimekaa katika kikombe kisicho na kina kwenye kombe la bega. Kwa hiyo huchopoka upesi, na mara nyingi huchopoka kwa mbele. Karibu hapo hupita mishipa ya damu na ya fahamu. Tena huenda mfupa umevunjika pia, na mwenye kuvuta asijue.

Je, daktari hufanyaje? Hulinganisha mabega yote mawili, hupima mpigo wa damu kwenye kifundo cha mkono, na hugusa ngozi ya nje ya bega ajue kama imekufa ganzi. Kisha huagiza picha ya eksirei. Hapa Kampala, hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na Albert Cook mwaka 1897, ilipata mashine hiyo mwaka 1907.

Ikiwa mfupa ni mzima, mgonjwa hupewa dawa ya kutuliza maumivu, na kiungo hurudishwa polepole. Theodor Kocher wa Uswisi alieleza njia moja mwaka 1870. Mtulinga uliovunjika, mara nyingi huunga wenyewe mkono ukitundikwa wiki kadhaa. Uliovunjika vibaya huenda ukapasuliwa na kutiwa chuma.

Na sisi tufanyeje, uwanjani au mtu aangukapo kwenye boda boda? Tuuache mkono ulivyo, tuutundike kwa leso au shati, tusimpe chakula wala kinywaji, kwa maana huenda akahitaji dawa ya usingizi. Kisha tumpeleke hospitali siku ile ile.

Bega la kijana lililoteguka mara moja huteguka tena kwa wepesi, lisipopewa muda na mazoezi ya kuimarisha misuli. Mwenzetu alitaka kurudi golini baada ya wiki tatu; daktari akakataa. Sasa hushika bendera pembeni mwa uwanja, kwa mkono wa pili.