Damu Katika Mkojo: CT-Scan Yaweza Kuonyesha Nini?

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo inawahusu sana watu wanaoona damu katika mkojo wao wakanyamaza. Baba anaona mkojo mwekundu asubuhi moja, haumwi popote, na siku ya tatu mkojo unarudia rangi yake. Anajiona amepona. Miezi inapita, damu inarudi, naye bado anaona haya kumwambia mkewe au wanawe. Akina mama nao hudhani ni hedhi, au hunywa dawa za maambukizo ya mkojo mara tatu, mara nne, bila kupimwa zaidi.

Damu isiyoambatana na maumivu ndiyo dalili ya kwanza kwa wengi wa wagonjwa wa saratani ya kibofu cha mkojo. Si kila damu ni saratani. Yaweza kuwa mawe, maambukizo, tezi dume iliyokua, au kichocho. Lakini hakuna awezaye kutofautisha kwa kutazama choo tu. Na damu kukoma yenyewe si ushahidi wa kupona, kwa maana uvimbe wa saratani hutoa damu leo, ukatulia, kisha ukatoa tena.

Kwa nini kibofu hupata saratani?

Sababu kubwa duniani ni uvutaji wa tumbaku. Sumu zake huingia katika damu, figo huzichuja, nazo hukaa ndani ya kibofu pamoja na mkojo zikisubiri kutolewa. Wanaofanya kazi kwa miaka mingi na baadhi ya kemikali za viwanda vya rangi na mpira wamo hatarini pia.

Kwetu ipo sababu nyingine, nayo ni kichocho cha mkojo. Kimelea chake kiligunduliwa na daktari Mjerumani Theodor Bilharz mjini Cairo mwaka 1851. Minyoo hiyo hutaga mayai, na mengi hunasa katika ngozi ya ndani ya kibofu. Kibofu huvimba na kupata makovu mwaka hadi mwaka, na katika hali hiyo saratani yaweza kuanza. Mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilikiweka kimelea hicho katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kanda ya Ziwa, pwani na visiwani watu wanakifahamu kichocho vizuri. Katika baadhi ya sehemu mkojo wenye damu wa mvulana ulichukuliwa kuwa dalili ya kukua tu! Huo ulikuwa ugonjwa, wala si ukubwa.

CT-Scan ni nini?

Ni mashine ya eksirei inayozunguka mwili wa mgonjwa na kuupiga picha kutoka pande zote. Kompyuta huziunganisha picha hizo, na daktari huona mwili kama mkate uliokatwa vipande vyembamba. Mgonjwa wa kwanza alipimwa London mwezi Oktoba 1971 kwa mashine iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobeli pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyeanza hesabu za kazi hiyo alipokuwa Cape Town.

Kwa tatizo la damu katika mkojo, picha za kwanza hupigwa bila dawa ili kutafuta mawe. Kisha mgonjwa huchomwa katika mshipa dawa yenye madini ya ayodini. Atasikia joto mwilini, na huenda akasikia ladha kama ya chuma mdomoni. Hayo hupita upesi. Baada ya dakika kadhaa dawa huwa imechujwa na figo na kuingia katika mkojo. Hapo picha hupigwa tena. Mkojo wenye dawa huonekana mweupe, na uvimbe huonekana kama pengo ndani ya weupe huo. Kwa safari moja daktari huchunguza figo, mirija ya mkojo na kibofu. Kama saratani ipo, picha humsaidia kuona iwapo imevuka ukuta wa kibofu au imefika kwenye tezi na ini.

Kabla ya kuchomwa dawa, mwambie daktari kama una ugonjwa wa figo, pumu, kisukari, ujauzito, au kama dawa ya namna hiyo iliwahi kukudhuru.

Picha peke yake haitoshi

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Zimeuza ng'ombe au kuchangishana, picha imepigwa, majibu ni mazuri, basi mgonjwa anarudishwa nyumbani huku damu ikiendelea. CT-Scan yaweza kukosa saratani ndogo au iliyotandaa kama utando. Pia donge la damu, au ukuta wa kibofu ulionenepa kwa kichocho, vyaweza kufanana na uvimbe. Kwa hiyo daktari hupitisha mrija mwembamba wenye taa kwenye njia ya mkojo na kutazama kibofu kwa ndani. Akiona pa kutilia shaka, hukata kinyama kidogo kipimwe maabara. Kinyama hicho ndicho kinachothibitisha saratani.

Wala kipimo hiki si cha kila mtu. Mionzi yake ni mingi kuliko ya eksirei ya kifua, na gharama yake ni kubwa. Aghalabu daktari huanza na kupima mkojo na ultrasaundi.

Tufanye nini?

Ukiona damu katika mkojo, hata mara moja tu, nenda ukapimwe. Ukipewa dawa ya kichocho nawe ukaendelea kutoa damu, rudi. Dawa hiyo huua minyoo, haitibu saratani. Omba kupelekwa kwa bingwa wa njia ya mkojo. Acha sigara. Watoto wapate dawa ya kichocho inayotolewa shuleni, wasioge katika madimbwi, na kila nyumba iwe na choo.

Saratani ya kibofu ikikutwa bado juu juu, huondolewa kwa kupitia njia ya mkojo bila kupasua tumbo. Ikizama katika msuli, huenda kibofu chote kikatolewa. Tofauti ya wagonjwa hawa wawili mara nyingi ni miezi ya kunyamaza. Akina mama, waulizeni waume zenu. Vijana, waulizeni wazee wenu bila kuona haya.