Kwa Nini Gasketi Huungua Tena na Tena?

Wenye magari madogo ya zamani katika vitongoji vya Dar es Salaam, tangu Tegeta hadi Mbagala, wanaifahamu vyema kauli ya fundi: "Gasketi imeungua." Hununuliwa gasketi mpya, gari likarudi barabarani, na baada ya miezi michache kauli ile ile husikika tena. Mwandishi wa makala haya aliunguza gasketi tatu katika mwaka mmoja kabla ya kujiuliza swali ambalo angemtaka mwanafunzi wake yeyote ajiulize tangu siku ya kwanza: je, gasketi ndiyo ugonjwa, au ni dalili tu ya ugonjwa?

Gasketi hukaa baina ya bloku ya injini na kifuniko chake, ambacho mafundi hukiita silinda hedi. Hutenganisha vitu vitatu vinavyopita karibu karibu: gesi inayowaka, maji ya kupoza, na oili. Katika injini ya petroli yenye silinda za kipenyo cha milimita 75, kanieneo la gesi laweza kufikia kilogramu 50 kwa kila sentimita mraba. Eneo la silinda hiyo ni sentimita mraba 44 hivi. Kwa hiyo kila silinda inapowaka, hedi husukumwa juu kwa nguvu sawa na uzito wa tani 2.2. Kinachoizuia isinyanyuke ni bolti. Gasketi yenyewe haishikilii chochote, hubanwa tu.

Sasa tuangalie joto. Katika magari mengi ya zamani bloku ni ya chuma cha kusubu na hedi ni ya alumini, nayo alumini hutanuka takribani maradufu ya chuma. Hedi yenye urefu wa milimita 400, ikipashwa kutoka nyuzi 30 hadi 90 za Sentigredi, hurefuka kwa milimita 0.55 hivi, ilhali bloku hurefuka kwa 0.26 tu. Tofauti hiyo gasketi huivumilia kila siku. Lakini injini ikichemsha, hedi hutaka kutanuka zaidi huku imebanwa na bolti. Hupinda, na ikipoa hairudi kuwa bapa. Injini nyingi ndogo hazivumilii mpindo wa milimita 0.1, ambao ni unene wa karatasi moja ya daftari, na baadhi hazivumilii hata nusu yake. Fundi anayepangusa hedi kwa kitambaa, akaitazama na kusema "iko sawa," hajapima kitu. Yapasa kulaza rula ya chuma iliyonyooka kweli kweli juu ya uso wa hedi, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, kisha kujaribu kupitisha fila geji chini yake. Bloku nayo ipimwe, aghalabu husahauliwa.

Hedi iliyosawazishwa kwa mashine haitadumu iwapo kilichochemsha injini bado kipo. Tuanze na maji. Kaya nyingi za Temeke na Kigamboni hutumia visima, na karibu na pwani maji ya visima mara nyingi huwa na chumvi. Maji hayo hayo ndiyo humiminwa katika rejeta. Mwanafunzi wa kemia atatambua mara moja kilichoundwa humo: metali mbili tofauti ndani ya maji ya chumvi, yaani seli ya umeme, na alumini ndiyo inayoliwa. Kingo za matundu ya maji huchimbika, gasketi ikakosa pa kukaa. Wakati huo huo kutu na ukoko huziba mirija ya rejeta. Kulanti, ambayo wengi hudhani ni ya nchi za barafu, ina dawa ya kuzuia kutu. Ichanganywe na maji yaliyokenekwa.

Themostati nayo huondolewa kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Hoja hiyo ni dhaifu. Katika baadhi ya injini, ikiondolewa, njia ya mkato hubaki wazi na sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita katika rejeta. Kifuniko cha rejeta pia hudharauliwa, ingawa kikizuia kilogramu 0.9 kwa sentimita mraba, maji hayachemki mpaka yafikie nyuzi 119 hivi.

Walimu waweza kuonyesha kwa maji ya chokaa kama gasketi inavuja gesi. Injini ikiwa baridi kabisa (rejeta yenye moto isifunguliwe kamwe), punguza maji kidogo, ziba mdomo wa rejeta kwa kizibo chenye mpira mwembamba, na uzamishe ncha ya mpira katika chupa ya maji ya chokaa. Washa injini kwa dakika chache tu. Mapovu yakitoka na maji yakageuka meupe kama maziwa, kaboni dayoksaidi imepita kutoka kwenye silinda.

Katika gari langu jibu lilikuwa feni. Kila fundi alilijaribu likienda mbio, na likienda mbio upepo huipoza rejeta. Siku moja nililiacha liungurume uani kwa dakika ishirini, kama linavyosimama kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa. Sindano ya joto ilipanda, feni haikuzunguka. Swichi yake ya joto ilikuwa imekufa. Tulibadilisha swichi, tukasawazisha hedi, tukaweka gasketi ya nne, na bolti zikakazwa kwa hatua kuanzia katikati. Gasketi hiyo ingali humo.