Prosesa za Kesho: Lugha ya Amri Isiyo na Mwenyewe

Askari hupokea amri, akaitekeleza. Ndivyo ifanyavyo prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Nayo hupewa amri ndogo ndogo: jumlisha, linganisha, hifadhi, ikazitekeleza kwa mabilioni katika kila sekunde. Lakini kila aina ya prosesa ina lugha yake ya amri, na swali linalozishughulisha nchi nyingi leo ni hili: lugha hiyo ni mali ya nani?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa fupi. Lugha inayotumika katika kompyuta nyingi za mezani ilianzia katika kampuni ya Intel ya Marekani mwaka 1978. Ile ya simu za mkononi, karibu zote, ni mali ya kampuni ya Arm yenye makao yake Uingereza. Atakaye kuunda prosesa ielewayo lugha hizo hana budi kupata ruhusa ya wenyewe; na mwenye kutoa ruhusa anaweza pia kuinyima.

Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, mjini Berkeley, walianza kutunga lugha nyingine, iitwayo RISC-V. Amri zake za msingi hazifiki 50, na kanuni zake zi wazi kwa kila mtu bila malipo. Mwaka 2020 shirika linalozisimamia lilihamia Uswisi, ili wanachama wasihofu kufungiwa mlango na siasa za nchi moja. Mwaka 2022 India ilitangaza mpango wa kitaifa wa kuunda prosesa za aina hiyo.

Hata hivyo, mchoro wa nyumba si nyumba. Prosesa za hali ya juu kabisa hutengenezwa na viwanda vichache mno, hasa vya Taiwan. Na mashine za mwanga zinazochora ndani yake hutoka kwa kampuni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi. Wala uwazi wa kanuni hauthibitishi usalama wa kifaa, kwani aliyekiunda anaweza kuficha undani wa kazi yake.

Kwa majeshi na polisi, ambao redio, rada na kumbukumbu zao za alama za vidole hutegemea prosesa, funzo ni dhahiri. Chombo kisichokagulika ni sawa na mlinzi asiyejulikana atokako. RISC-V imefungua mlango wa ukaguzi. Kuuingia ni kazi ya wataalamu, ambao kila nchi haina budi kuwasomesha.